Jalada jeusi halidai bia nyeusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu wa safu ya burudani, ambaye Jumamosi iliyopita alitufundisha kuoanisha albamu za roki za zamani na bia za viwanda vidogo, zile zinazoitwa krafti. Wazo lenyewe nimelipenda. Gazeti likitenga nusu ukurasa kumshauri mtu mzima akae chini, asikilize albamu nzima bila kushika simu, na anywe bia moja kwa utulivu badala ya sita kwa fujo, limefanya la maana. Ugomvi wangu uko kwenye mfano wake mkuu, ule uliowekewa picha kubwa: The Dark Side of the Moon, yaani upande wa giza wa mwezi, ya bendi ya Pink Floyd kwa stauti nzito yenye kilevi cha asilimia 11. Sababu? Jina la albamu limetaja giza, jalada ni jeusi, na bia nayo ni nyeusi tii. Basi, ndoa ikafungwa.

Hapo kilichooanishwa ni jalada na lebo. Muziki haukuulizwa, na bia nadhani haikuonjwa mpaka tone la mwisho.

Mimi ni fundi mitambo mstaafu wa redio. Nilikula mshahara kwa kuweka santuri kwenye mashine, kushusha sindano mahali pake na kuhakikisha kinachokwenda hewani ndicho kilichorekodiwa. Kazi ile inakuzoesha kuiona albamu kuwa ni kitu chenye mwanzo na mwisho, chenye pande mbili zisizofanana, kinachokudai muda wako. Bia hizi nimezijulia uzeeni kupitia shemeji yangu, mtu asiyeheshimu kinywaji chochote kisicho na mashapo chini. Yeye huja na chupa, mimi hufungua kabati la santuri, na ubishi unaanzia hapo.

Tuanze na hilo giza. Jalada la albamu hii, iliyotoka Machi 1973, lilibuniwa na kundi la wabunifu la Hipgnosis na kuchorwa na George Hardie. Linaonyesha mwali wa mwanga mweupe ukiingia kwenye prizimu, kile kioo cha pembetatu, na kutokea upande wa pili umepasuka rangi sita. Ni picha ya mwanga. Ule weusi ni wa kuuonyeshea tu. Na ndani ya albamu yenyewe kuna shahidi wangu. Gerry O'Driscoll, bawabu wa studio za Abbey Road, ambaye bendi ilimrekodi akijibu maswali yao, anasikika mwisho kabisa wa upande B akisema kwamba kwa kweli mwezi hauna upande wa giza. Ni kweli anaendelea kusema kwamba mwezi wote ni giza, na najua mwandishi wenu atanirukia hapo hapo, lakini mimi nimeshamaliza kumtumia shahidi wangu.

Tuache jina, tusikilize. Albamu hii ilirekodiwa London kuanzia katikati ya 1972 hadi mwanzoni mwa 1973, na fundi wa sauti alikuwa Alan Parsons. Pink Floyd walikuwa wameshaipiga jukwaani kabla ya kuikamilisha studio, na hilo linasikika: hakuna anayekimbilia kumaliza. Besi ya Roger Waters inatembea, ngoma za Nick Mason zimeachiana nafasi, kinanda cha Richard Wright kinatandaza sauti chini kabisa na gitaa la David Gilmour linapita juu yake taratibu. Huo ndio mkeka. Juu ya mkeka huo kumemwagwa vitu vidogo, vikali, vinavyometa. Saa zinazolipuka mwanzoni mwa "Time" Parsons alizirekodi moja moja kwenye duka la saa za kale. Zile sarafu za "Money" ni Waters mwenyewe akizirusha kwenye bakuli ambalo mkewe alilitumia kwa kazi ya ufinyanzi. Kisha kanda ikakatwa vipande vilivyopimwa kwa rula na kuungwa kuwa duara, ndiyo maana mlio wa mashine ya kupokelea fedha unaangukia kwenye mdundo bila kukosea. "On the Run" ni noti nane tu zilizoingizwa kwenye sinthesaiza, mashine ya kuunda sauti kwa umeme, na kuharakishwa mpaka zikawa mchirizi.

Sasa mwagia hayo yote stauti ya asilimia 11. Kimea kilichokaangwa hadi kuwa cheusi, uchungu wa kahawa, utamu mzito nyuma yake, na kilevi kinachopasha koo. Kinywaji kizuri hicho, sikatai. Lakini ni kinywaji kinachofunika. Baada ya mafunda matatu ulimi umepakwa na unataka kimya, wakati muziki unakuomba usikie saa ya kushoto na saa ya kulia. Tena kilevi kile kinafanya kazi yake hata kama unakunywa polepole: ukifika "Us and Them", ambapo saksafoni ya Dick Parry inapumua kwa upole kabisa, sikio lako limeshapunguza makali. Umekuja kusikiliza, umeishia kusinzia kwa heshima.

Wapo waliolichunguza jambo hili kwa majaribio. Profesa Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake wameonyesha kwamba watu huwa wanahusisha sauti nyembamba za juu na utamu, na sauti nzito za chini na uchungu. Sitaki kulifanya hilo kuwa sheria ya baa. Lakini kama lina chembe ya msaada kwetu, basi linamwonya mtu asirundike uchungu wa kukaangwa juu ya albamu ambayo tayari inaanza na mapigo ya moyo yaliyo chini kiasi hicho. Uzito juu ya uzito, na vile vinavyometa vinazama.

Lakini hoja yangu kubwa si ladha wala rangi. Ni muda, na hapa ndipo naona safu yenu imepita mlango bila kuuona.

Santuri ya inchi 12 huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, sindano iwe pembeni au iwe karibu na lebo. Pembeni duara ni kubwa, kwa hiyo mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde. Karibu na katikati duara limekuwa dogo, na kasi imeshuka hadi kama sentimita 21. Muziki uleule unabanwa kwenye urefu usiofika nusu. Matokeo yake kila fundi anayajua: kadiri upande unavyoelekea mwisho, sauti za juu zinapoteza ukali na mikwaruzo midogo inaingia. Angalia sasa kilichowekwa huko mwisho. Upande A unaishia na "The Great Gig in the Sky", Clare Torry akipaza sauti bila neno hata moja. Upande B unaishia na "Eclipse", kwaya nzima na ogani. Sehemu zenye kelele kuliko zote zimewekwa mahali ambapo santuri ina nguvu ndogo kuliko kote. Kwenye mashine nzuri tatizo ni dogo, ila lipo, na mimi binafsi naliona ni sehemu ya utamu: albamu inaanza na ncha kali na kumalizika imelainika.

Glasi ya bia nayo ni hivyo hivyo. Ukiimimina ni ya baridi, gesi inachoma, povu limesimama. Dakika 20 baadaye baridi imetoka, gesi imepungua, harufu zilizokuwa zimefungwa na ubaridi zimefunguka, na mdomoni bia imekuwa pana. Upande A wa albamu hii unachukua karibu dakika 20, upande B unazidi kidogo 23. Kwa maneno mengine, upande mmoja ni glasi moja kwa mnywaji asiye na haraka. Kwa hiyo swali la kuiuliza bia si una rangi gani. Ni hili: dakika ya 18 utakuwaje?

Bia nyingi zinaanguka mtihani huo. Laga ya kawaida ikikosa baridi haina la kusema. Ile aina ya bia iitwayo IPA, yenye ukungu na hopsi za kumwaga (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu), ambayo dakika ya kwanza ni bustani ya matunda, ikipata joto hopsi zinageuka kuwa ukakasi unaokwama kooni. Stauti nzito, kwa haki yake, inafaulu vizuri sana. Ikipata joto ndipo inapofunguka. Kosa lake ni lile nililokwisha kulisema, na pia kwamba ya asilimia 11 huwezi kunywa glasi moja upande A na nyingine upande B ukabaki msikilizaji.

Jibu langu ni saison. Ni bia ya mashambani kutoka Wallonia, Ubelgiji ya wasema Kifaransa, ambayo zamani ilipikwa miezi ya baridi ili iwakate kiu wafanyakazi wa shamba majira ya joto. Inayotajwa zaidi ni ile ya kiwanda cha Dupont katika kijiji cha Tourpes, yenye kilevi cha asilimia 6.5, lakini viwanda vidogo vingi duniani sasa vinapika za kwao na baadhi ni nzuri sana. Siri yake ni hamira. Wapishi wengi wa bia huiogopa hamira ikipata joto, wanaibana kwenye nyuzi 20 au chini yake. Hamira ya saison inaachiwa ipande hadi 30 na zaidi, inakula karibu sukari yote, na bia inatoka kavu, yenye gesi nyingi, na harufu ya pilipili manga na maganda ya machungwa hata kama hakuna aliyetia pilipili wala ganda. Halafu inamalizia kuiva ndani ya chupa, mara nyingi ya mililita 750 yenye kizibo kama cha mvinyo kilichofungwa kwa waya, na hamira iliyomaliza kazi inatua chini. Hayo ndiyo mashapo ya shemeji yangu. Nilimpinga kwa mengi, kwa haya nimemkubali.

Namna tunavyofanya sisi ni hivi. Chupa inasimama wima kwenye friji tangu jana yake, isilazwe kamwe, ili mashapo yatue. Inatolewa dakika kumi kabla. Glasi ziwe zenye tumbo na mdomo uliobana kidogo, zilizosuuzwa mpaka sabuni yote imetoka, kwa sababu utando wa sabuni unaua povu. Watu wawili, chupa moja. Unamimina kabla ya kushusha sindano, na hili nalisisitiza kwa sababu watu hulidharau: albamu inaanza na mapigo ya moyo yanayotokea mbali sana, na mchachariko wa povu la saison unatosha kuyafunika. Inamisha glasi, mimina polepole, simamisha chupa ikiwa nusu. Ulichonacho ni bia ya rangi ya majani makavu, angavu, yenye kofia nyeupe ya povu yenye mapovu manene. Ngoja lishuke kidogo. Ndipo sindano.

Funda la kwanza nalinywa "Breathe" inapofunguka. Kavu, la baridi, pilipili mbele. "On the Run" inapokuja, zile noti nane zinakimbia na gesi inachoma ulimi kwa mwendo uleule, na hapo hata shemeji hunyamaza. Saa zikilia, usinywe. Mtu asiyejiandaa ataimwaga. Kufikia gitaa la Gilmour katikati ya "Time" glasi imeanza kupata joto la kiganja, pilipili imerudi nyuma na ganda la chungwa limejitokeza. Kisha Clare Torry. Aliitwa studio siku ya Jumapili, akaambiwa asiimbe maneno, na alicholipwa ni pauni 30. Mwaka 2005, baada ya kwenda mahakamani, ndipo jina lake lilipoingia kwenye utunzi wa wimbo huo. Bia iliyobaki hapo ni kidogo na gesi yake imelegea. Anaposhusha sauti kuelekea mwisho, kinywaji nacho kimekuwa laini, na sindano iko pale penye mfereji uliobanwa. Vyote vitatu vimefika pamoja, na hakuna stauti iliyoweza kunifanyia hivyo.

Geuza santuri. Usikimbie, suuza mdomo kwa maji. Sasa chukua ile nusu iliyobaki, izungushe chupa kwa upole mara moja mbili ili mashapo yanyanyuke, umimine yote. Ni bia ileile na si ileile. Imekuwa na ukungu, ukali wake umepigwa pasi, na kuna ladha ya hamira na nafaka ambayo glasi ya kwanza haikuwa nayo. Hivyo ndivyo upande B ulivyo. "Money" inahesabu midundo saba saba, na mguu wako utateleza ukijaribu kuufuata, mpaka gitaa linapoingia na bendi nzima inahamia kwenye nne. Hapo ndipo pa kunywa. "Us and Them" ni wimbo mrefu kuliko wote kwenye albamu, karibu dakika nane, na glasi inakaa mezani muda mwingi kuliko inavyokaa mkononi. "Brain Damage" na "Eclipse" zinaungana, na kama ulipima vizuri, bia inakwisha kabla bawabu hajatoa ushahidi wake.

Nisionekane naichukia stauti. Ina nyumba yake, na mwandishi wenu angeikuta kama angetafuta kwa masikio. Mpe albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ya Februari 1970, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa katika siku moja tu. Inaanza na mvua na kengele, kisha Tony Iommi anaingia na gitaa zito ambalo analipiga akiwa amevalia vifuniko vya plastiki alivyojitengenezea, kwa sababu mashine ya kiwanda cha mabati huko Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili. Bia nayo iliupata weusi huo kwa chuma na moto: ni Daniel Wheeler aliyesajili mwaka 1817, Uingereza, pipa la kuzungushia na kukaangia kimea. Muziki ule hauna vitu vidogo vinavyometa vya kuzamishwa. Unataka kitu kizito, na ukifunikwa hauumii. Hata hivyo mgawane chupa. Na Led Zeppelin ya nne, ya Novemba 1971, mimi ningeipa bia ya Kiingereza ya pipa, ile isiyopozwa sana wala kujazwa gesi, inayoivia humo humo pipani. Mwaka huohuo wanywaji wa Uingereza walianzisha chama cha CAMRA kuitetea bia ya namna hiyo isipotee. Zile ngoma za John Bonham kwenye "When the Levee Breaks", zilizopigwa ukumbini chini ya ngazi na mikrofoni zikaning'inizwa juu, ni sauti ya nyumba nzima. Nazo zinataka bia isiyo na haraka.

Neno moja kuhusu chupa, kwa kuwa picha yenu ilionyesha bia imeanikwa dirishani, jua limeipiga ubavuni ili rangi ionekane. Mwanga wa jua ukiigusa hopsi iliyomo kwenye bia huvunja baadhi ya kemikali zake na kuzaa harufu ya kicheche, na haichukui muda. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, ya kijani inakinga kidogo, glasi nyeupe haikingi kitu. Mpiga picha alipomaliza kazi yake, bia ile ilikuwa imekwenda.

Na kwa wasomaji wanaosikiliza kwa simu, ambao najua ni wengi kuliko sisi wenye makabati: simu haijui kwamba kuna upande B. Itavuka kutoka kwa Torry hadi kwenye sarafu bila kukupa nafasi ya kusimama. Izime mwenyewe pale "The Great Gig in the Sky" inapokwisha, zungusha chupa kwa upole, mimina, kisha endelea. Ile alama ya kuchanganya nyimbo ovyo ovyo isiguswe kabisa.

Ombi langu kwa mwandishi wenu ni dogo. Toleo lijalo, kando ya jina la kila albamu, aandike dakika za kila upande, na kando ya kila bia aandike kilevi chake na jinsi ilivyo ikishapoteza baridi. Hizo nyota tano zake anaweza kuzitoa kupata nafasi.

Wako,
Fundi mitambo mstaafu